Nyumba Inunuliwe Mvuani

Katika mji wa Bujumbura viwanja huuzwa wakati wa kiangazi na hujulikana wakati wa mvua. Kati ya misimu hiyo miwili wapo wanaotajirika na wapo wanaofilisika, na mimi nimelelewa katika nyumba ya hao wa pili. Ndiyo maana nimeomba nafasi katika mkusanyiko huu, ambao kwa kawaida hujaa insha za maadili, mapenzi na ukuzaji wa lugha, ili nizungumze juu ya mitaro. Walimu wangu wataniwia radhi.

Hoja yangu ni moja, nami naitaja mapema ili anayetaka kunipinga ajue pa kuanzia. Nasema hivi: mtu yeyote asinunue nyumba wala kiwanja Bujumbura, hata katika mtaa uliopimwa na kuchorewa ramani, kabla ya kukiona kikinyeshewa. Na anayeuza kabla ya mvua kupita, akijua maji yanapita wapi na akanyamaza, tusimwite mfanyabiashara mjanja. Tumwite mdanganyifu.

Baba yangu ni fundi wa magari Buyenzi. Kwa miaka 11 aliweka akiba, nyingine katika tontini ya mafundi wenzake, nyingine mikononi mwa mama. Tulikuwa tumepanga vyumba 2 katika ua wenye familia 5 na choo kimoja. Mwezi wa nane mwaka 2018, dalali, au komisioneri kama tunavyomwita hapa mjini, alimpeleka baba kuona kiwanja katika mtaa mpya upande wa kaskazini. Mtaa huo siutaji, kwa sababu wapo majirani zetu wa zamani ambao bado wanatafuta wateja wa kuwauzia nyumba zao, na wao pia wana watoto.

Nilikwenda naye. Nilikuwa kijana wa shule, na nakumbuka jinsi palivyonipendeza. Ardhi ilikuwa kavu na tambarare. Mawe ya mipaka yalikuwa yamepangwa mstari mmoja. Barabara zilikuwa zimekwishachongwa, nyekundu, zilizonyooka kama zile za Buyenzi. Mfereji mpana ulipita nyuma ya viwanja, mkavu, watoto wakicheza mpira ndani yake. Dalali alimwambia baba: "Mzee, hapa watakaa wakubwa. Parseli hii ni viabilisée. Wewe unalipa, unajenga, unalala."

Baba aliuliza maswali matatu, na yote yalikuwa mazuri. Hati iko wapi? Kuna mwenye kesi juu ya ardhi hii? Barabara itapita upande gani? Alijibiwa yote kwa ukweli. Hati ilikuwepo, kesi haikuwepo, barabara ilipita pale waliposema. Swali ambalo hakuliuliza ni moja tu: maji yanakwenda wapi? Hakuliuliza kwa sababu mwezi wa nane hakuna maji ya kumkumbusha mtu. Ule mfereji ambamo watoto walicheza mpira aliuona kuwa uwanja.

Masika ya kwanza hatukuwa tumeanza kujenga, na hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kutazama. Mtu hafungi safari ya kupita kwenye tope ili aone kiwanja kitupu. Tulijenga kiangazi cha 2019, msingi wa mawe, vyumba vya mbele kwa matofali ya kuchoma, jiko na chumba cha nyuma kwa matofali ya udongo mbichi, yale ya rukarakara, kwa sababu pesa zilikuwa zimepungua na baba alikuwa amekopa. Tukahamia Septemba. Novemba maji yalifika kizingitini, baba akapanga mifuko ya mchanga. Tukacheka. Usiku mmoja wa Aprili 2020, mwezi uleule ambao Rusizi iliingia Gatumba, hatukucheka tena.

Kwetu hapakuwa na mvua kubwa usiku ule. Ilinyesha milimani, juu kabisa, na sisi tulisikia tu ngurumo kwa mbali. Maji yalitufikia yakiwa yamekwishakusanyika, yakiwa na mawe na matawi ndani yake. Ukuta wa jiko uliyeyuka. Mama alisimama juu ya kitanda akiwa amembeba mdogo wangu. Baba alitoka kwenda kutafuta sanduku la vyuma vyake vya kazi, akalikuta asubuhi kwenye ua wa jirani wa tatu, limejaa tope. Cheti changu cha darasa la tisa bado ninacho. Kina alama ya maji katikati, na jina langu linasomeka nusu. Hakuna aliyekufa kwetu, namshukuru Mungu. Lakini tulirudi Buyenzi kupanga, na mkopo wa nyumba tusiyokaa umelipwa hadi mwaka jana.

Baba alipomwendea aliyemuuzia, aliambiwa: "Mzee, maji ni ya Mungu."

Na hapo ndipo ugomvi wangu unapoanza. Mvua ni ya Mungu, sikatai. Lakini mtaro ni wa watu. Mstari kwenye ramani ulichorwa na mtu. Kiwanja kilichokatwa kwenye njia ya maji kilikatwa na mtu, kikapewa namba na mtu, kikatolewa bei na mtu. Kila mmoja alipokea chake, na ilipofika siku ya kulipa, jina la Mungu ndilo lililotajwa. Mimi nimesoma madrasa ya Buyenzi, na sikufundishwa kwamba jina hilo ni la kufichia hesabu.

Tena maji haya si mageni. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014, mvua moja ilishuka na mito ya kaskazini mwa mji, ikapita Kamenge, Kinama na mitaa ya jirani, na watu zaidi ya 60 wakapoteza maisha. Mwaka 2020 Rusizi ilifurika Gatumba na maelfu wakahama. Mto Ntahangwa unakula kingo zake mwaka hadi mwaka, na waliojenga kando yake wanapima umbali wa nyumba zao kwa hatua. Kisha Ziwa Tanganyika lenyewe likapanda, likaingia nyumba za Kajaga, Kibenga na Gatumba, na Aprili 2024 serikali pamoja na Umoja wa Mataifa ziliomba msaada wa nje. Mtu aliyeuza kiwanja baada ya 2014 na kusema hakujua, alikuwa anaishi mji gani?

Ziwa lina kumbukumbu ndefu kuliko sisi. Mlango wake wa kutokea ni mmoja, mto Lukuga, upande wa Kongo. Katika karne ya 19 mlango huo uliziba, maji yakapanda, mpaka mwaka 1878 yalipojifungulia njia na ziwa likaanza kushuka. Baada ya mvua kubwa za 1961, zilizoikumba Afrika Mashariki yote, likapanda tena. Likashuka. Na katika miaka yetu hii limepanda tena. Hebu tazama hesabu hiyo: kutoka miaka ya 1960 hadi 2020 ni miaka 60. Ni muda wa kutosha kwa walioona kuzeeka, kwa watoto wao kusahau, na kwa wajukuu kukata viwanja. Anayekuambia "nimekaa hapa miaka 20 sijaona maji" anaweza kuwa mkweli kabisa, na ukweli wake usikusaidie kitu.

Tunayo sheria. Sheria ya Maji ya mwaka 2012 inaweka ukanda wa mita 150 kutoka ukingo wa Ziwa Tanganyika kuwa mali ya umma. Ni sheria nzuri. Lakini nauliza kama mwanafunzi anayejifunza kusoma kwa makini: mita 150 kutoka ukingo upi? Ule wa Agosti au ule wa Mei? Katika nchi tambarare kama ile ya upande wa Rusizi, ziwa likipanda kidogo tu kwenda juu, ukingo unatembea mbali kwenda bara. Anayepima kiangazi anapata kiwanja kilicho nje ya ukanda. Anayepima masika anapata kiwanja kilekile kilicho ndani ya maji. Hata sheria, basi, inahitaji kuambiwa ni msimu gani.

Kwa nini basi soko letu lote liko kiangazi? Si bahati mbaya. Juni mpaka Agosti, miezi ambayo Kirundi huiita ici, ndiyo miezi ya pesa. Shule zimefungwa. Harusi zinafuatana kila wikendi. Ndugu zetu wanaoishi Ubelgiji, Kanada na kwingineko wanakuja likizo na akiba zao, wana wiki 3 au 4 za kumaliza kila kitu, na wanataka kuondoka wakiwa na hati mkononi. Barabara zinapitika kwa gari lolote. Vumbi ni jingi kiasi kwamba milima ya Uvira, ng'ambo ya ziwa, haionekani vizuri, lakini kiwanja kinaonekana vizuri sana. Dalali anajua haya yote. Huu ndio msimu wake wa mavuno, na hana sababu ya kumwambia mteja arudi Aprili.

Najua nitapingwa, na baadhi ya wapinzani wangu ninawaheshimu.

Wa kwanza watasema: hayo ni ya mitaa ya ovyo, iliyojengwa bila mpango. Katika mtaa uliopangwa mambo ni tofauti. Ndugu zangu, sisi tulinunua katika mtaa uliopangwa. Mpango ndio uliotudanganya. Mtu akijenga bondeni bila ramani, anajua mwenyewe kwamba anabahatisha. Anapoona mawe ya mipaka, namba ya kiwanja na barabara iliyonyooka, anaacha kutumia macho yake, kwa sababu anaamini mwingine alikwishayatumia. Mji wetu una historia ndefu ya mitaa iliyopangwa. Buyenzi yenyewe, nyumbani kwa Kiswahili chetu, ina barabara za namba zilizopimwa na Wabelgiji. Ngagara ilijengwa miaka ya 1950 na ofisi ya kikoloni iliyoitwa OCAF, na wazee mpaka leo hutaja jina hilo. Sitausifu mpango wa mkoloni, uliotenganisha watu kwa rangi zao. Lakini pale Ngagara utaratibu ulikuwa kwamba nyumba zinajengwa kwanza na watu wanaingia baadaye. Leo utaratibu umegeuzwa: watu wanalipa kwanza, wanajenga wenyewe, wanaingia, na mtaro utafuata. Mtaro ukichelewa, maji hayausubiri.

Wa pili watasema: maskini hana uchaguzi. Akipata pesa Agosti atanunua Agosti, kwa sababu kufikia Aprili zitakuwa zimeliwa na ugonjwa, ada na misiba. Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote, na sitaijibu kwa wepesi, maana ndiyo hoja ya baba yangu. Ninakubali kwamba pesa ya maskini haikai. Lakini tazama na upande wa pili. Tajiri akipoteza nyumba kwa maji atajenga nyingine Kiriri au Gihosha. Maskini hununua mara moja tu katika maisha yake. Ni nani kati yao anayehitaji zaidi kusubiri? Na ipo njia ya katikati: mkataba wa malipo ya awamu mbili. Sehemu ndogo ilipwe Agosti ili kiwanja kisiuzwe kwa mwingine, iliyobaki ilipwe mwisho wa Mei, baada ya mnunuzi kujionea. Iandikwe kwamba maji yakiingia, fedha inarudi. Muuzaji mwenye kiwanja kizuri hana cha kuogopa. Anayekataa mkataba huo amekwisha kukujibu swali lako.

Tena kuna faida ambayo maskini haambiwi. Mwezi wa nne muuzaji aliyesimama na wewe kwenye tope hawezi kupandisha bei. Kiangazi kinamtetea yeye. Mvua inakutetea wewe.

Wa tatu watasema: masika huko hakufikiki, gari linakwama. Huyu simjibu kwa maneno mengi. Kama hukuweza kufika siku ya kununua, utafikaje siku mkeo ana uchungu wa kujifungua?

Wa nne ni wasomi, nao ndio ninaowaogopa. Watasema: tatizo ni mabadiliko ya tabianchi, na nchi kama Burundi haikuyaleta. Ni kweli, hatukuyaleta. Ni kweli pia kwamba mvua za siku hizi zinatushangaza. Lakini nimeanza kusikia neno hilo vinywani mwa watu walewale waliokuwa wakisema maji ni ya Mungu, na kwa sauti ileile. Kama hali ya hewa inabadilika, basi ni sababu zaidi ya kutouza bonde. Si ruhusa ya kuliuza kisha kuilaumu dunia.

Basi anayetaka kununua afanye nini? Nitasema kwa kufuata mwaka, kwa sababu nyumba hapa kwetu haina sura moja.

Juni mpaka Agosti, fanya kazi ya makaratasi na ya macho. Hakikisha hati kwenye ofisi ya ardhi, usiridhike na nakala ya dalali. Kisha tembea. Tafuta mstari wa tope kwenye kuta za majirani, hata kama wamepaka rangi juu yake. Rangi huwa mpya chini na kuukuu juu. Tazama vizingiti: mtaa ambao kila mlango una ngazi mbili za saruji zilizoongezwa baadaye, watu wake hawakuziongeza kwa urembo. Tazama majani. Pakiwa na matete mabichi mwezi wa nane wakati nyasi zote zimekauka, maji yako karibu chini ya miguu yako. Na ukiona mfereji mkavu unaotumiwa kama uwanja wa mpira, uliza unatoka mlima gani.

Septemba na Oktoba, subiri mvua za mwanzo, na uende siku inayofuata, viatu vya kuchafua miguuni. Yafuate maji kwa miguu. Yametoka wapi, yamepita wapi, yameishia wapi? Mtaro unaoishia mtoni ni mtaro. Mtaro unaoishia kwenye ua wa mtu ni kesi inayosubiri siku yake. Kumbuka kwamba Bujumbura ni bakuli: mvua inayokudhuru si lazima inyeshe kwako. Muha, Ntahangwa, Kanyosha na vijito vyote vingine vinabeba maji ya milima.

Novemba na Desemba, pima chini. Chimba shimo la mita moja mahali unapotaka kuweka choo, uliache usiku mmoja. Likijaa bila mvua, choo chako kitajaa vilevile, na kitakachotoka humo kitaingia kisimani na jikoni. Januari 2023 kipindupindu kilitangazwa mjini mwetu. Anayenunua nyumba ananunua na choo chake.

Machi mpaka Mei ndio mtihani wenyewe. Nenda mara mbili au tatu, na mara moja iwe alfajiri baada ya usiku wa mvua. Watazame watoto wanaokwenda shule: wamevaa viatu au wamevishika mkononi? Muulize dereva wa pikipiki ni barabara gani anakataa kuingia. Muulize mama anayeuza ndagala kando ya njia mwaka jana alihamishia meza yake wapi. Hawa hawana tume ya kupokea, kwa hiyo hawana sababu ya kukuficha. Usimuulize mwenye nyumba peke yake, na wala usimuulize dalali kamwe. Tafuta pia mzee aliyeona miaka ya 1960, kama bado yupo, maana tumekwisha kuona kwamba ziwa hupanga kwa miaka 60.

Kisha, mwisho wa Mei, kaa chini ulipe.

Na sisi ambao tayari tunakaa katika mitaa hii hatuna kinga ya lawama. Kila Jumamosi nchi nzima hutoka kwa kazi za pamoja. Nimeona mitaro ikizibuliwa Aprili, tope likiwa limekwishaingia sebuleni. Kazi hiyo ni ya Septemba. Nimeona mtu akijenga ukuta wa uzio juu ya njia ya maji ili aongeze mita 2 za ua, kisha akashangaa jirani anapogombana naye. Nimeona mifuko, maganda na vifusi vya ujenzi vikitupwa kwenye mfereji kwa sababu ni mkavu. Kiangazi humdanganya mnunuzi mara moja, lakini humdanganya mkaazi kila mwaka, na mkaazi hana udhuru.

Nimalizie na jambo linalotuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili, maana najua kuna atakayeuliza mitaro inahusiana vipi na masomo yetu.

Mkataba aliotia saini baba uliandikwa kwa Kifaransa. Baba anasoma Kiswahili vizuri, na Kirundi pia. Kifaransa anakisikia tu. Lile neno viabilisée lilikuwepo katika karatasi, na lilikuwepo kinywani mwa dalali, na baba alilipokea kama mtu anavyopokea baraka kwa lugha asiyoijua: aliinamisha kichwa. Miaka kadhaa baadaye, nikiwa chuoni, nilijaribu kulitafsiri. Niliandika "kiwanja kilichotiwa huduma". Nikajiuliza, huduma gani? Barabara? Ilikuwepo. Maji ya bomba? Yaliahidiwa. Umeme? Nguzo zilikuwepo. Mtaro? Ulikuwepo, ila ulikuwa haujafika mtoni. Uliishia karibu na kwetu. Tafsiri yangu ikagoma. Nikagundua kwamba kama mtu angemlazimisha dalali kulisema neno hilo kwa Kiswahili, angelazimika kuhesabu huduma moja baada ya nyingine, na alipofika kwenye mtaro angenyamaza. Huenda ukimya huo ungetuokoa.

Kwa hiyo natoa pendekezo, na walimu wangu wakitaka walipe alama au walinyime. Kabla hatujaandika insha nyingine ya kusema Kiswahili ni lugha ya maendeleo, tuandike karatasi moja, ukurasa mmoja tu, wa maswali ambayo mnunuzi wa kiwanja Bujumbura anapaswa kuuliza, kwa Kiswahili na Kirundi. Swali la kwanza liwe: maji yanakwenda wapi? Tuigawe Buyenzi, Kinama, Kamenge, Kanyosha, misikitini na makanisani, kabla ya Juni. Tudai pia kwamba kila kiwanja kipya kinachouzwa kiwe kimepitiwa na masika moja kamili kikiwa na mtaro unaofika mtoni, na kwamba muuzaji aandike hivyo kwa lugha ambayo mnunuzi anaisoma.

Wengi wetu tutapata kazi, inshallah, na mshahara wa kwanza utatutia hamu ya kile ambacho wazazi wetu walikitafuta: mahali petu. Hamu hiyo siidharau. Nimeiona machoni mwa baba alipokuwa akipima kiwanja kwa hatua zake, mwezi wa nane, akihesabu kwa sauti. Lakini kiangazi kitakapofika mtaona tena mabango kwenye nguzo na kwenye kuta: parseli inauzwa, bei nafuu, hati ipo. Yasomeni. Andikeni namba za simu. Kisha mpigieni mwenye bango Aprili, mvua ikiwa imeshika, na mumwambie mko njiani mnakuja kuona.